Mtoto kaniuliza: "Na jini mwenyewe, nani atampa?"

Shangazi wa Kikwajuni (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa. Nina suali la kitoto lakini limenikosesha usingizi.

Skuli zimefungwa, nyumba imejaa. Wangu watatu, na wawili wa kaka yangu wameletwa kutoka Wete, Pemba. Jumla watano, mkubwa ana miaka 12 na mdogo hajatimiza sita. Juzi usiku wameshanichosha kwa kelele, nikachomeka flashi kwenye televisheni nikawawekea Aladini, ile ya watu wa kweli ya 2019, Will Smith ndiye jini wa buluu. Kizungu hawakijui vizuri, basi mkubwa akajifanya mtafsiri kama wale wa mabanda ya video. Kila neno moja la jini yeye analifanya matano. Jini kasema Kiswahili cha Darajani, kamtukana mpaka waziri.

Walipofika pale jini anaeleza kuwa mwenye taa anapewa haja tatu, wa miaka minane akauliza, "Haja ndogo, haja kubwa, na ya tatu ipi?" Dakika kumi nzima hatukusikia filamu, ni vicheko tu.

Sasa Aladini keshatumia haja mbili. Ya kwanza kafanywa mwana wa mfalme, ya pili kaokolewa baharini baada ya kufungwa na kutoswa. Imebaki moja. Hapo hapo umeme, pap, giza.

Bibi yao akawasha kandili. Mnajua tena, watoto watano wametoka kumwona mtu anasugua taa akapata jini, halafu unawaletea kandili! Wamelizunguka kama nzi. Wakati tunangoja umeme nikawaambia kila mmoja ataje haja yake. Mmoja kataka bwawa la urojo na bajia zisizokwisha. Mmoja kataka skuli iwe Alkhamisi tu. Msichana wa Wete kataka boti isiwatapishe pale mkondo wa Nungwi. Mkubwa kataka simu, hilo halikumshangaza mtu. Ikafika zamu ya mdogo wa Wete. Kanyamaza, analiangalia kandili, halafu kasema, "Shangazi, na jini mwenyewe nani atampa?"

Sikuwa na jawabu. Ile ya katuni niliiona zamani nikiwa mdogo, mwisho wake nimeusahau. Umeme haukurudi mpaka usiku wa manane, watoto wameshalala, na jana kutwa haukuwa wa kutegemea. Nimwambie nini huyu mtoto? Kila nikipita ananitazama kama nina deni lake.

Dagaa wa Mkokotoni

Haja ya kwanza: uniti za umeme za Tukuza zisiishe. Haja ya pili: zikiisha zijijaze zenyewe. Ya tatu namwachia mke wangu, maana nisipomwachia nitaondoka mimi na taa yangu.

Karafuu Mbichi

Shangazi, mjomba wangu hapa Mkoani angekujibu hivi: jini hapewi kitu, jini hutaka. Mbuzi mwekundu, ubani, udi, chetezo, na hapo bado hajakwambia kama anataka ngoma. Jini la kukupa bure bila kudai ni la kwenye filamu tu, huku kwetu halijazaliwa.

Dagaa wa Mkokotoni

Hahaha, yakhe hilo kweli. La Kizungu ndilo linalotoa, la Kipemba linadai.

Baba Abdalla

Mimi watoto wangu siwaoneshi hizo. Mtoto akizoea kuona mtu anasugua taa anapata ufalme, kesho utamwambia nini juu ya kuomba dua na kungoja? Si kwamba nawahukumu. Nasema la nyumbani kwangu tu.

Maalim wa Chuo cha Jioni

Baba Abdalla, nakuheshimu sana, na khofu yako naijua. Lakini watoto wa chuoni kwangu kabla hawajamjua Will Smith walishamjua Ifriti, jini wa Suratun Naml, aliyemwambia Nabii Sulaiman atamletea kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa kabla hajainuka mahali alipokaa. Na yule mwenye ilimu ya Kitabu akasema atakileta kabla jicho halijapepesa. Watoto wakifika hapo macho yanawatoka, kila mwaka. Sijaona aliyeacha kusali kwa sababu hiyo. Ninachowauliza mimi ni kimoja: kiti kilipofika, Nabii Sulaiman alisema nini? Alisema hii ni fadhila ya Mola wangu, ananijaribu kama nitashukuru au nitakufuru. Hapo ndipo penye darsa, wala si kwenye kiti.

Baba Abdalla

Hilo la kushukuru nimelipokea, maalim. Filamu bado siwawekei.

Msomaji wa Vuga

Naomba nisahihishe kitu kabla hakijawa itikadi. "Haja tatu" hazimo kwenye kisa chenyewe. Kwenye hadithi ya zamani Aladini anaita taa mara nyingi apendavyo, tena majini ni wawili, wa pete na wa taa, na yule wa pete ndiye aliyemtoa pangoni kwanza. Na Aladini si Mwarabu wa jangwani, ni mtoto wa fundi cherehani huko China. Mchawi ndiye aliyetoka Afrika, upande wa Maghribi. Kwa hivyo sie waafrika tumo, bahati mbaya kwa upande wa ubaya.

Jengine ambalo watu hawalijui: kisa hicho hakimo kwenye maandiko ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela. Mfaransa Antoine Galland, aliyeanza kuzitoa hadithi hizo kwa Kifaransa mwaka 1704, alikisikia Paris mwaka 1709 kwa kijana wa Halab, Shamu, akiitwa Hanna Diyab. Akakiingiza kitabuni, jina la kijana akaliacha nje. Kijana akarudi kwao, akaja kuandika safari zake mwenyewe, na maandiko yake yakaja kukaa kwenye maktaba ya Vatican kwa miaka mingi. Kwa hivyo Shangazi, suali la mtoto wako lina wenziwe. Aliyetoa hadithi, nani alimpa?

Dagaa wa Mkokotoni

Msomaji unaweza kuharibu hata sikukuu wewe.

Mama wa Chake

Nimesoma kimya kimya, sasa naandika.

Wa kwangu wa miaka tisa aliiona hiyo hiyo kwa jirani. Alirudi nyumbani hakula. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Jini kaenda chini baharini kamtoa Aladini, kwa nini hakumtoa babu?" Babu yake, baba yangu mie, alikuwemo kwenye meli iliyozama Septemba 2011. Mtoto hakuwa amezaliwa, anamjua kwa picha ya ukutani na kwa namna tunavyonyamaza tukipita Nungwi.

Nikamwambia jini mwenyewe anasema humo humo kwenye filamu: kufufua hawezi, na kumfanya mtu ampende mtu hawezi. Akaniambia, "Lakini Aladini alikuwa hajafa bado, na babu alikuwa hajafa bado." Akanishinda. Mtoto anajua tafauti ya kufa na kuzama kuliko aliyeandika filamu.

Sina la kuongeza. Nimesema tu kuwa hizi si filamu za kuwaweka watoto ili watu wazima wakapike. Kaa nao.

Shangazi wa Kikwajuni

Mama wa Chake, pole dada yangu. Mola amrehemu mzee. Nimeisoma mara tatu.

Karafuu Mbichi

Innalillahi. Hapa Mkoani na Wete kila mtaa una picha kama hiyo.

Mvuvi wa Kojani

Poleni. Mie naleta la kwetu wavuvi. Katika hizo hizo Alfu Lela mna mvuvi maskini, anatupa wavu mara nne kwa siku, hazidishi. Siku hiyo kwanza katoa punda aliyekufa, halafu mtungi wa matope, halafu vigae. Mara ya nne kavua chupa ya shaba imezibwa kwa risasi, ina muhuri wa Nabii Sulaiman. Kaifungua, katoka jini mkubwa mpaka mawinguni. Mvuvi anangoja utajiri, jini anamwambia chagua utakavyokufa!

Kwa nini? Jini akaeleza. Miaka mia ya mwanzo baharini aliapa atakayenitoa nitamtajirisha. Hakuja mtu. Akaapa atakayenitoa nitamfungulia hazina za ardhi. Hakuja mtu. Akaapa haja tatu (ndizo hizo, Msomaji wa Vuga, labda zimetokea hapo). Hakuja mtu. Mwisho akakasirika, akaapa atakayemtoa atamuua.

Babu yangu akikihadithia kisa hiki kwenye dau usiku alikuwa hasemi jini mbaya. Alikuwa anasema, "Mamia ya miaka chini ya maji, na wewe ungekasirika." Kwa hivyo nani atampa jini? Alichelewa kupewa, ndio maana.

Msomaji wa Vuga

Mvuvi, naona sasa nimesahihishwa mimi. Nilisema haja tatu hazimo kwenye kisa cha Aladini, na hapo nimesimama. Lakini cha mvuvi nilikisahau.

Bibi wa Michenzani

Wanangu hamjambo. Mjukuu wangu ananisomea na mimi namwambia aandike, kwa hivyo mkiona makosa ni yake.

Nyote mnahangaika na taa ya China. Hapa Unguja tuna chetu. Paukwa! Semeni pakawa. Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana Siti, vijino kama chikichi.

Palikuwa na maskini, jina lake Hamdani, kazi yake kuchakura jaani anatafuta punje za mtama ale. Siku moja kaokota thumni. Thumni moja tu. Kapita mtu anauza paa kwenye tundu. Maskini kamwita. Watu wakamcheka, hana hata cha kula anataka kununua paa! Kanunua paa kwa thumni yake, analala naye kwenye kibanda, anagawana naye punje.

Paa akasema. Ndio, alisema. "Bwana, nipe ruhusa nikalishe mwenyewe, jioni nitarudi." Akaenda, akarudi. Siku moja katika kulisha kaona almasi kubwa. Akafikiri: nikimpa bwana wangu watasema kaiiba. Akaipeleka kwa sultani wa mji mwengine, akamwambia nimetumwa na bwana wangu, Sultani Darai, anamposa binti yako. Sultani kuona almasi, kakubali.

Akarudi kumchukua bwana wake mchafu vile vile, akampeleka mtoni, akampiga fimbo mpaka akalia, akamwambia usiseme neno lolote. Akakimbilia kwa sultani: tumevamiwa na wezi, bwana wangu amevuliwa nguo zote! Wakaletewa nguo za kifalme. Nyie mnaona jini wa buluu mjanja? Huyu paa kamfanya mtu mwana wa mfalme kwa fimbo na uongo mmoja, bila uchawi.

Akenda tena mbele, akaukuta mji na jumba kubwa, mwenyewe ni nyoka wa vichwa saba. Kamuua, jumba likawa la Hamdani. Wakahamia, mume na mke, wanakula, wanalala.

Halafu paa akaugua. Sasa sikilizeni, hapa ndipo bibi yangu mie alipokuwa anashusha sauti. Paa kamtuma kizee cha nyumbani: kamwambie bwana siwezi, kichwa kinaniuma, mwili wote unaniuma. Hamdani hakuinuka. Akasema mpikieni uji wa mtama mbaya. Mke akashangaa: mume wangu, huyu ndiye aliyetuleta hapa! Akasema, "Si paa? Si nilimnunua kwa thumni?" Kizee kikaenda kikarudi, kikaenda kikarudi, jawabu ni hilo hilo, thumni, thumni. Paa akafa. Akasema mtupeni kisimani.

Mke akampelekea babake khabari. Sultani akaja na watu wake, wakalia, paa akazikwa kama mtu. Usiku ule mke akaota yuko kwao, kuamka, yuko kwao. Na Hamdani akaota yuko jaani anachakura. Kuamka, mkono umo jaani, na watoto wa mtaa wanamwuliza, ulikuwa wapi siku zote hizi, tulidhani umekufa.

Basi huyo mtoto wa Wete aliuliza aliloliuliza paa.

Karafuu Mbichi

Shikamoo bibi. Nimesimama katikati ya shamba la karafuu nasoma simu, watu wananiuliza nalia nini.

Msomaji wa Vuga

Bibi, shikamoo na mkono nakubusu. Kisa chako kimeandikwa pia: Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa kanisa lile la Mkunazini, alikikusanya kwa watu wa hapa Unguja akakichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyengine. Kwa hivyo kilikuwa kikihadithiwa hapa zamani kabla Will Smith hajazaliwa. Watu tunakilipia tiketi cha wenzetu, cha kwetu kimelala kwenye rafu.

Dagaa wa Mkokotoni

"Mfadhili mbuzi utamla mchuzi, mja atakuudhi." Na huyu hata mchuzi hakumnywa, kamtupa kisimani. Bora angemla.

Shangazi wa Kikwajuni

Bibi wa Michenzani, nimewahadithia jana baada ya magharibi, kandili katikati, hivyo hivyo ulivyoandika na "si nilimnunua kwa thumni" nikaisema kwa sauti ya kiume. Hakuna aliyecheka. Wa miaka minane akauliza thumni ni shilingi ngapi za sasa. Msichana wa Wete kakasirika na mke: "Na yeye kwa nini asimpikie uji mzuri mwenyewe?" Mdogo kalala bila kusema kitu, lakini kalala na uso umenielekea mimi.

Fundi Kamera

Jamani, mimi napiga picha za harusi, si mkurugenzi wa filamu, lakini kisa hiki kinaniumiza kichwa tangu nilipokisoma. Filamu ya watoto ya nusu saa inawezekana. Paa tunaye! Paa nunga wa Jozani ni wachache sana duniani, wako hapa na pwani ya Kenya tu. Picha ya kwanza: jaa alfajiri, mkono wa mtu unachakura. Jumba la nyoka tukapige Dunga, kwa Mwinyi Mkuu, mtawala wa zamani wa Unguja. Tuipeleke ZIFF, lile tamasha la filamu, ioneshwe Ngome Kongwe watoto wakae chini kwenye zile ngazi.

Karafuu Mbichi

Kila kitu Unguja! Msitu wa Ngezi mmeusahau? Na nyoka wa vichwa saba akae Pujini, kwa Mkama Ndume. Yule bwana alikuwa akiwabebesha watu mawe huku wakisota kwa makalio, ukatili wa kutosha, huhitaji hata kupaka rangi.

Fundi Kamera

Paa nunga Ngezi hayupo, kaka.

Karafuu Mbichi

Tunaye paa mwengine, mdogo, mzuri zaidi. Na popo wetu wakubwa tunawaongeza bure.

Mvuvi wa Kojani

Paa wa kweli hatakaa akisubiri kamera. Mfanyeni wa kitambaa, watoto wachezeshe. Mtoto mmoja ndani ya paa, mmoja sauti. Hasa pale pa ugonjwa mkiweka kompyuta mtaharibu. Mie nakumbuka kisa kwa sababu babu alikuwa anakohoa kweli.

Mama wa Chake

Mkitafuta mtoto wa kuwa sauti ya paa, ninaye.

Nimeiona Mara Nne

Samahanini nimechelewa, na mnisamehe nitatoboa mwisho. Shangazi, jawabu ya mtoto wako mlishaiona, tena dakika ya kwanza kabla umeme haujakatika. Ile filamu ya 2019 inaanza na baharia kwenye chombo, yuko na watoto wawili, wanatamani meli kubwa, yeye anaanza kuwahadithia kisa cha Aladini. Unakumbuka uso wa baharia? Will Smith. Hana buluu, hana bangili za mikononi. Haja ya tatu Aladini aliitumia kumwacha huru jini, na jini akataka kuwa mtu, aoe, asafiri. Baharia ndiye jini. Ndiye anayehadithia yote. Kwenye ile ya katuni ya 1992, ambayo sauti ya jini ni ya Robin Williams, vile vile haja ya tatu ndiyo iliyomtoa utumwani, ila pale hakugeuka mtu.

Shangazi wa Kikwajuni

Subhanallah. Na mimi pale mwanzo nilikuwa jikoni namimina mikate! Mama wa Chake alisema tukae nao.

Dagaa wa Mkokotoni

Kwa hivyo jini wa Marekani kapewa chombo na mke, paa wa Unguja kapewa mtama. Tumepigwa.

Bibi wa Michenzani

Hukusikiliza. Paa kazikwa na sultani. Hamdani ndiye aliyepewa mtama.

Shangazi wa Kikwajuni

Naleta khabari ya mwisho. Jana umeme ulitulia, tumemaliza filamu, na tumeurudia mwanzo. Alipotokea baharia hakuna aliyemtambua ila mdogo. Kasimama mbele ya televisheni kapiga kelele, "Ndiye yeye! Kapewa!" Akaenda kulala.

Leo alfajiri naamka kusali, nakuta kando ya kandili la bibi yao kisahani, juu yake nusu ya mkate wa kumimina na tonge la sukari. Nikamngoja aamke nikamwuliza. Kanijibu bila haya, "Wa huyu wa humu. Kama na yeye anaumwa." Sisimizi wameshaumaliza upande mmoja.

Bibi wa Michenzani

Mwache. Lakini hilo kandili litundikeni juu, kigae cha kandili kinakata.